Tela Isiyo na Dirisha

Ribiti alipima kitanda cha baba yake kama mtu anayeiba. Alingoja mzee aende bafuni, akajua ana dakika kumi, maana siku hizi mzee alikuwa akikaa bafuni muda mrefu na kutoka amekasirika. Akaingia chumbani na futi yake, akaivuta kutoka kichwani mwa kitanda hadi miguuni, akachora mstari wa chaki kwenye mguu wa kitanda asije akasahau alipoishia, kisha akapima upana. Futi sita na nusu kwa tatu. Akaandika kiganjani akatoka. Binti yake, aliyekuwa akikunja godoro upande wa pili wa pazia, alimwona akaendelea kukunja. Alikuwa na miaka kumi na sita na alikwisha kujifunza kutoona.

Vyumba vilikuwa viwili. Kimoja cha mume na mke, cha pili kimekatwa katikati kwa pazia, huku mzee, kule binti. Miaka mitatu sasa mzee alikuwa hawezi kuuzuia mkojo. Kila asubuhi mke wa Ribiti alitoa shuka akazifua kwenye bomba la uani, mbele ya wapangaji wote, na kila asubuhi binti alikwenda shule akinusa mikono ya sweta lake mwenyewe kabla ya kuvuka geti. Juzi alirudi analia. Hakusema kilichotokea, na mama yake hakumuuliza. Alimwambia mumewe tu kwamba sasa basi.

"Sisemi atupwe," alisema. "Nasema mtoto apate mlango wa kufunga."

Kupanga chumba cha tatu hawakuweza, na kujenga kibanda uani mama mwenye nyumba alikataa katakata. Ndani ya kiwanja chake, alisema, hakuna atakayechimba hata shimo la kupandia mchicha. Lakini katika kukataa kwake akaropoka kwamba mkokoteni wa muuza maji unalala humo humo na hajawahi kuuita ujenzi. Ribiti akaenda na hilo neno mpaka nyumbani. Kitu chenye magurudumu si ujenzi. Alikuwa na ekseli kuukuu kwenye karakana yake kando ya barabara, alikuwa na bomba za mraba na mashine ya kuchomelea. Angejenga tela ya chuma, aivike bati pande zote, aizibe isivuje, aiegemeze ukutani nyuma ya choo, na mzee alale humo. Kilichobaki ni kumwambia mzee.

Na hapo ndipo pagumu, kwa sababu mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Kwa miaka arobaini hakuna aliyemkaribia mzee yule kwa bati. Alitengeneza masanduku, matangi ya maji, mabodi ya malori, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuvuja. Mtaa mzima sasa ulimwita mwanawe Fundi. Mzee alimwita Ribiti, jina la kile kimsumari kifupi cha kubania bati mbili, akieleza kila aliyeuliza kwamba ribiti haiingii mahali mpaka drili itangulie. Mwana alikuwa na miaka arobaini na minne na hajawahi kusikia kutoka kinywani mwa baba yake maneno kazi nzuri. Sifa kubwa kuliko zote aliyowahi kupewa ilikuwa "haivuji", nayo alipewa mara mbili. Nasi tutamwita Ribiti, maana hata yeye moyoni hakujijua kwa jina jingine.

*

Fremu aliiunga uani, kwa sababu karakana ilikuwa ndogo. Mzee alitoka na kiti chake cha plastiki, akakaa penye jua, shuka magotini, akauliza tela ni ya nani.

Ribiti alikuwa amejiandaa. Usiku kucha alikuwa ameyapanga maneno: Baba, mtoto amekua. Alipofungua mdomo, kilichotoka ni kwamba ni ya mteja.

"Mteja gani?"

"Wa ng'ambo ya reli. Ana duka."

"Anabeba nini?"

"Vitu vya dukani tu, Mzee. Vitu vikavu. Visivyotaka kulowa."

Mzee alimtazama, akaivuta shuka vizuri magotini. Akaamuru fremu ipimwe kona kwa kona. Ilikuwa imepinda kwa unene wa kidole. Mwingine asingeona, na mteja wa uongo asingelalamika, lakini mzee alisema kata, na Ribiti akakata sehemu aliyokwisha kuichomelea, akaipiga nyundo, akaipima, akaiunga upya. Jua lilikuwa kali. Wanawake waliokuwa wakichota maji walicheka kuona mtu mzima mwenye ndevu akitumwa kama mtoto.

"Futi saba," mzee alisema baadaye, akiitazama fremu. "Bati zinauzwa futi nane. Ungempa nane usingepoteza kipande. Huyu mteja ana mzigo gani wa futi saba?"

"Ndivyo alivyotaka."

"Alikuja lini? Sikumwona."

"Alipiga simu."

"Mteja wa simu," mzee akasema, "ndiye mbaya kuliko wote. Humwoni uso anapokutuma."

Ribiti akavaa miwani ya kuchomelea ingawa hakukuwa na kitu cha kuchomelea.

*

Bati zilianza kupandishwa siku ya tatu. Kazi yenyewe si ya kuumiza kichwa: bati ya chini inatangulia, ya juu inailalia vidole vitatu ili maji yateremke bila kupata mlango, drili inatoboa, ribiti inabana, tundu kwa tundu, kutoka katikati kwenda pembeni ili bati isivimbe. Mtu mmoja hushika na mwingine hutoboa. Mzee aliinuka kitini akasema atashika yeye.

Alishika. Mikono yake ilitetemeka, na bati nyembamba ikipokea mtetemo ule ilinguruma. Mama mmoja bombani akauliza kwa sauti kama mzee ameanzisha bendi. Wenzake wakacheka mpaka ndoo zikafurika. Mzee hakuiachia bati. Alisimama wima, ameuma meno, mpaka ribiti ya nne ilipoingia, na ndipo Ribiti alipoona suruali ya baba yake ikibadilika rangi kuanzia juu kwenda chini, na maji yakitafuta njia kwenye saruji kuelekea waya wa drili.

Hakufikiri. Alichukua ndoo ya maji iliyokuwa karibu akaimwaga yote pale pale, juu ya miguu yake na ya baba yake, akajifanya ameteleza.

"Usimwage maji karibu na umeme," mzee alisema.

"Nisamehe, Mzee."

"Nitabadilisha nguo. Umenilowesha."

Aliporudi na suruali nyingine alikuta Ribiti amechora mraba wa chaki kwenye bati ya ubavuni, futi moja na nusu kila upande, ameshika grenda tayari kukata.

"Hii nini?"

"Dirisha."

"Mzigo unachungulia nje?"

Bombani wakacheka tena. Safari hii walicheka pamoja na mzee, na mzee akawaachia kidogo wacheke. Kisha akakaribia, akagusa mraba ule kwa kucha.

"Mteja kasema vitu vikavu. Tundu kubwa kama hili ndipo maji yatakapoingilia. Mimi ningekuwa yeye nisingelitaka. Lakini tela si yangu." Akamtazama mwanawe usoni, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. "Au alisema anataka dirisha?"

Jibu lilikuwa neno moja. Ndiyo. Uongo ulikuwa umeshapigwa msingi, neno lile lingekaa humo bila taabu yoyote na mzee angepata mwanga na hewa. Ribiti alilijua hilo wakati ule ule, si baadaye. Lakini mzee alikuwa hajawahi kumuuliza shauri la kazi hata siku moja tangu azaliwe, na sasa alikuwa amesimama mbele yake anangoja jibu kama fundi kwa fundi. Mbele ya uso ule hakutaka kuwa mtu asiyejua kwamba mzigo hauhitaji dirisha.

"Hakusema," alijibu. Akatemea mate kiganjani, akaufuta ule mraba.

Mzee alitazama mpaka mstari wa mwisho ulipofutika.

"Na komeo liwe nje," akasema. "Mzigo haujifungii wenyewe."

"Nje," Ribiti akakubali.

*

Mkewe aliiona jioni ile alipokwenda kuanua shuka. Aliizunguka tela mara mbili, beseni kiunoni, kisha akaingia ndani akamkuta mumewe anakula.

"Dirisha liko wapi?"

Ribiti akasema mzee alishauri lisiwekwe.

"Mzee alishauri tela ya nani?"

Ribiti akatafuna.

"Nilikwambia mlango, dirisha, na mahali pa kuning'iniza taa. Umemjengea baba yako sanduku."

"Nitalikata baadaye."

"Utamwambia lini?"

"Tukishaziba."

"Juzi ulisema fremu ikisimama. Jana ukasema bati zikipanda. Ukishaziba utasema ukishapaka rangi." Aliliweka beseni chini. "Au unangoja nimwambie mimi? Nimemvua suruali baba yako, nimemwosha, nimemgeuza usiku akiwa na homa. Wewe mwanawe hujawahi kushika hata kitambaa. Na hili nalo nilifanye mimi?"

Alisema kwa sauti ya chini kwa sababu ya pazia, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi Ribiti, kwamba hata kugombezwa ndani ya nyumba ile kulihitaji kunong'onezwa. Akaapa kwamba kesho atamwambia.

Kesho yake waliziba. Mzee alikuwa na furaha, na hapo kila kitu kikawa kigumu zaidi. Drili ilikuwa imemshinda na bati ilikuwa imemwaibisha, lakini kuziba ni kazi ya kidole gumba, na kidole gumba cha mzee hakikutetemeka kilipokuwa kinakandamiza. Ribiti alitangulia akipitisha silikoni kwenye kila mlaliano wa bati, mzee akafuata, kidole kimechovywa kwenye maji ya sabuni, akiisawazisha mpaka ikawa utepe mmoja usio na pumzi. Alipiga magoti kuziba mshono wa chini. Alilala chali kuziba sakafu. Aliimba wimbo ambao Ribiti hakuwahi kujua kama anaujua. Saa sita walikula pamoja wamekaa juu ya ulimi wa tela, kile chuma cha kuivutia, na mzee alitoa mfupa wenye nyama kwenye sahani yake akaupeleka kwenye sahani ya mwanawe. Ribiti aliula. Neno Baba lilimfika mdomoni mara tatu na mara zote akalisukumia tonge.

*

Mzee alikuwa na sheria yake moja. Hakuna chombo kilichotoka kwenye karakana yake kabla mtu hajakaa gizani. Mtu anaingia ndani na chaki, anafungiwa, anangoja macho yazoee, halafu kila mahali panapopenya mwanga, hata kama ni wa ncha ya sindano, anaweka alama. Akimaliza anagonga mara tatu. Tangu akiwa na miaka minane mtu huyo alikuwa Ribiti, kwa kuwa alitosha kwenye tangi. Kama alitoka akisema hakuna tundu, na baba yake akamwaga maji na maji yakapita, alirudishwa ndani, na safari hiyo kugonga hakukusaidia kitu. Mpaka leo Ribiti alikuwa akilala na taa inawaka, na mkewe alikuwa ameshachoka kuuliza kwa nini.

Kwa hiyo silikoni ya mwisho ilipokauka na mlango ukapachikwa bawaba, alichukua chaki bila kuambiwa. Mzee akamnyang'anya.

"Leo naingia mimi. Wewe umenenepa."

Akaingia. Ribiti akafunga mlango akasukuma komeo. Lilikuwa gumu kidogo, akalitia mafuta. Ndani alisikia baba yake akipapasa, akikohoa, kisha kimya, kisha mkwaruzo mdogo wa chaki kwenye bati.

Ndipo mama mwenye nyumba alipoingia getini na mwavuli wake.

Alikuja moja kwa moja kwenye magurudumu, akayachoma kwa ncha ya mwavuli kuona kama yana upepo. Hakutaka, alisema, kuja kuambiwa na watu kwamba ameruhusu ujenzi. Ribiti akaapa kwamba yana upepo. Mama akazunguka upande wa pili akarudi.

"Haya. Na mzee anahamia lini?"

Ribiti aliweka kidole mdomoni. Akaonyesha tela. Mama mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya kuliko wengine, ila sauti yake haikuwahi kufundishwa kushuka.

"Unaninyamazisha kwenye kiwanja changu? Nauliza mzee anahamia lini humu, maana wa chumba cha jirani wameshaniletea malalamiko mara mbili juu ya ile harufu. Na dirisha je? Hakuna?" Akapiga bati kwa mwavuli, na tela nzima ikaitika. "Basi afadhali. Itabaki humo humo."

Mkwaruzo wa chaki ulikuwa umenyamaza. Ribiti alimsindikiza mama mpaka getini, akimkubalia kila kitu, mradi tu aondoke. Aliporudi aliweka sikio kwenye bati. Hakusikia kitu. Bombani hakuna aliyekuwa akichota maji, ila wanawake watatu walikuwa wamesimama na ndoo zilizojaa. Hakuna aliyecheka.

Baada ya muda chaki ikaanza tena. Ikakwaruza mara mbili. Kisha mzee akagonga, moja, mbili, tatu, kama ilivyo sheria.

Ribiti alifungua. Mzee alitoka akifumba macho kwa sababu ya jua, vidole vyeupe kwa chaki.

"Mawili," alisema. "Moja juu ya bawaba, jingine kona ya nyuma. Ziba."

Akaenda zake ndani. Ribiti akachukua silikoni akaenda kuziba, na kwa muda wote wa kuziba matundu mawili alijidanganya kwamba bati ni nene, kwamba masikio ya mzee si yale ya zamani. Alipoinua kichwa alimwona baba yake akitoka mlangoni na godoro.

Lilikuwa limevishwa nailoni, na ile nailoni ilipiga kelele kila mzee alipopiga hatua. Alilikumbatia kama mtu anayecheza na mlevi. Uani kote watu waligeuka kutazama kwingine, kitu ambacho kilikuwa kibaya kuliko kutazama. Binti alikuja mbio, bado ana sare ya shule, akashika upande wa pili huku machozi yanamchuruzika.

"Shika vizuri, mjukuu wangu," mzee alimwambia. "Lisiburute."

Ribiti akasimama njiani. Mkewe naye alikuwa ametoka, mikono imejaa povu.

"Baba," Ribiti alisema. "Nilitaka kukwambia."

"Najua."

"Leo jioni ningekwambia. Naapa."

"Ulisahau kufuta chaki kwenye mguu wa kitanda," mzee alisema. "Nimekufundisha ukishapima ufute. Asubuhi ile ile niliinama kuvaa viatu nikaiona. Ulipoiweka fremu chini nilijua ni yangu kabla hujaiunga."

"Kwa nini hukusema?"

"Ilikuwa kazi yako kusema. Mimi nilikuwa nakutobolea tu." Alipumzika kidogo, akaliegemeza godoro kwenye paja. "Nilikuondolea dirisha nione kama utalidai. Ungesema ndiyo tu. Ukatema mate ukalifuta."

Ribiti alikwenda akaokota grenda, akaivuta waya, akaiwasha. Alifika kwenye ubavu wa tela akakuta mzee amemtangulia, amesimama mgongo kwenye bati, mahali hasa mraba ulipokuwa.

"Zima. Mteja ameridhika na kazi. Usimharibie."

"Baba, toka hapo nikate."

"Zima, Ribiti."

Alizima. Mke wa Ribiti alikuja akapiga magoti kwenye saruji iliyolowa, akamshika mzee mkono, akamwomba arudi ndani, akasema kosa ni lake yeye, yeye ndiye aliyetaka. Mzee alimwinua.

"Wewe huna kosa, mwanangu. Umeniosha miaka mitatu na hujawahi kuniambia maji ya baridi ni ya moto. Mtoto anahitaji chumba. Ungeniambia wewe ningehama siku ile ile, na ningeomba dirisha." Hakumtazama mwanawe alipokuwa akisema. Yeye na mjukuu wake wakaliingiza godoro mlangoni. Lilikaa sawasawa, likabaki nafasi ya nusu futi kwa ajili ya viatu.

*

Saa kumi upepo ulianza, na wingu zito likaja juu ya mapaa. Ndani ya nyumba binti alikuwa amefungua pazia lote. Chumba kilikuwa kikubwa kuliko alivyokidhania. Alisukuma kitanda kitupu cha babu yake ukutani, akasogeza meza ndogo pale kilipokuwa, akapanga vitabu vyake, akavipangua, kisha akakaa sakafuni akautazama mguu wa kitanda wenye chaki. Mama yake alikuwa jikoni na hakuwa anapika kitu.

Ribiti alikuwa amekaa uani juu ya kiti cha plastiki cha baba yake. Kila upepo ulipokuja mlango wa tela ulijipiga, ukafunguka, ukajipiga tena. Matone ya kwanza yalipoanguka mzee alimwita.

"Mvua ndiyo mkaguzi," alisema kutoka ndani. Alikuwa amekaa juu ya godoro, miguu imenyooka. "Funga nijue kama inavuja."

"Nitakaa na wewe ndani."

"Hatutoshi."

"Basi nitauegesha tu."

"Ukiuegesha maji yataingilia mlangoni na hatutajua kitu. Sukuma komeo. Nikimaliza nitagonga."

Ribiti alisimama mpaka mvua ikamshika mabegani. Alitaka kuomba radhi, lakini alipomtazama baba yake aliona uso wa mtu anayengoja kazi ifanyike, uso ule ule wa siku zote, na mwili wake ukatii kabla yake. Alifunga mlango. Akasukuma komeo.

Mvua ilishuka kwa nguvu kiasi cha kufuta ukuta wa upande wa pili. Juu ya bati kelele yake ilikuwa ya kutisha hata kwa mtu aliyekuwa nje. Ribiti hakukimbilia kivulini. Alikaa kwenye ulimi wa tela, kiganja juu ya komeo, akitega sikio asikie kugonga. Alikumbuka giza la tangi lilivyo, jinsi mtu anavyofumba macho ili angalau giza liwe lake mwenyewe. Alijua baba yake hajafumba macho. Robo saa ikapita. Nusu saa. Mkewe alitoka mlangoni akamwita kwa mkono, yeye akatikisa kichwa. Alianza kuhesabu, akapoteza hesabu, akaanza upya.

Mvua ilikatika. Maji yakaendelea kudondoka kutoka kwenye mapaa, kisha hata hayo yakaisha. Hakuna aliyegonga.

"Baba?"

Akaweka sikio kwenye bati.

Ribiti aligonga yeye. Mara tatu, kama mtoto. Kisha akavuta komeo kwa mikono miwili, akauvuta mlango akaufungua wote.

Mzee alikuwa amekaa vile vile alivyomwacha. Hewa iliyotoka mle ndani ilikuwa nzito na ya moto, na harufu yake Ribiti aliijua. Jasho lilikuwa linamtiririka mzee shingoni. Alikuwa na chaki mkononi na hakuwa amechora kitu popote. Polepole akaweka kiganja kwenye ukuta wa kushoto, akakigeuza amwonyeshe. Kikavu. Akakipitisha kwenye kona ya nyuma, chini ya mshono, kwenye sakafu penye viatu. Kote kikavu. Palipokuwa pamelowa ni mahali pamoja tu, pale alipokaa, na hapo hakupitisha mkono. Wote wawili walipaona na wote wawili wakatazama mlango.

"Haijaingia hata tone," mzee alisema.

"Baba, twende ndani. Tafadhali."

"Mishono imenyooka. Bati hazikuvimba. Mlango umekaa." Aliweka chaki juu ya kiatu chake, taratibu, kama anayekabidhi funguo. "Kazi nzuri, fundi."

Miaka arobaini na minne Ribiti alikuwa ameyangoja maneno yale. Alikuwa ameyafanyia kazi tangu akiwa na miaka minane, ameyasikia ndotoni, ameyatafuta kwenye kila mshono aliowahi kuuziba. Sasa alikuwa ameyapata, na kama angeweza angeyarudisha yote ili sauti ile ile imwite Ribiti mara moja tu.

"Sasa funga," mzee alisema. "Kunaingia baridi."

Alifunga. Komeo lilikuwa limeshakolea mafuta, likaingia bila kelele.